Kanisa Lililookolewa na Waamini Wake: Ukiingia, Utazame Nini?

Hii ni hotuba nzima, iliyotolewa mbele ya waamini na wapenzi wa majengo ya kale. Tunaiweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukumbini hazimo.

Tumsifu Yesu Kristo!

Waheshimiwa mapadre, masista, viongozi wa halmashauri ya walei, wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie kutembelea makanisa ya kale ya Kikatoliki, hasa yale ambayo waamini wenyewe waliyaokoa yasifungwe au yasibomolewe. Naanza kwa kuwakataza jambo moja. Ukiingia kwenye kanisa la namna hiyo, usikimbilie altare. Usikimbilie vioo vya rangi. Usikimbilie sanamu.

Kwa nini? Kwa sababu altare nzuri zipo hata kwenye makanisa yaliyogeuzwa kumbi za starehe. Vioo vya rangi vinauzwa kwenye minada. Kanisa lililookolewa lina kitu kingine: kuna watu walifanya kazi fulani, kwa tarehe fulani, na kazi hiyo imeacha alama. Alama kwenye mabenchi. Alama kwenye makaratasi. Alama juu ya paa. Anayejua kuzisoma atakaa humo saa mbili na bado hatashiba. Asiyejua atapiga picha ya dari, atawasha mshumaa, ataondoka.

Kwa hiyo nendeni na maswali matatu. Nani alilipia? Nani alizuia lisifungwe? Na nani anapanda juu ya paa?

Tuanze na la kwanza. Nani alilipia?

Twende New Orleans, Marekani, mtaa wa Tremé, kwenye Kanisa la Mtakatifu Augustino. Liliwekwa wakfu tarehe 9 Oktoba 1842. Ushikeni mwaka huo. Utumwa Marekani ulifutwa mwaka 1865, kwa hiyo kanisa hili lilifunguliwa miaka 23 kabla, tena katika mji uliokuwa soko kubwa la kuuzia watu. Na walioiendea ofisi ya Askofu Antoine Blanc kuomba ruhusa ya kujenga ni watu weusi na machotara waliokuwa huru, wenye ufundi wao, biashara zao na viwanja vyao pale Tremé. Masista Waursula wakatoa kiwanja, wakataka kanisa lipewe jina la Augustino wa Hippo. Mwafrika mwenzetu, kama mnavyojua.

Sasa sikilizeni habari ya mabenchi. Enzi zile hukuingia tu kanisani ukakaa popote. Familia ililipia benchi lake, na benchi likawa la familia hiyo. Miezi michache kabla ya kuweka wakfu, familia za watu huru weusi zikaanza kununua mabenchi. Wazungu waliposikia, nao wakaanza kununua ili wawazidi. Parokia inayaita mambo hayo Vita vya Mabenchi mpaka leo. Nani alishinda? Simulizi ya parokia yenyewe inasema kwa kila benchi moja walilonunua wazungu, watu huru weusi walinunua matatu. Lakini hawakuishia hapo. Walinunua pia mabenchi yote ya pembeni, ya kushoto na ya kulia, wakawapa watumwa.

Ndugu zangu, lifikirieni jambo hilo polepole. Mtu ambaye kisheria yeye mwenyewe alikuwa mali ya mtu, ambaye mtoto wake angeweza kuuzwa Jumatatu, Jumapili alikuwa na benchi. Si la kuazima. Si la kusimama nyuma ya mlango. Benchi lililolipiwa.

Ndiyo maana nasema, ukifika pale usipite njia ya katikati. Pita pembeni. Keti pembeni kwanza, utulie, ndipo uende mbele. Mpango wa kukaa ndani ya kanisa lile ni hati ya historia kuliko maandishi yoyote ukutani.

Na hili hufanyika kwenye kanisa lolote la zamani, si hilo tu. Tazameni kichwa cha benchi upande wa njia. Kuna kibati cha namba? Kuna matundu mawili matatu ya skrubu yaliyozibwa kwa nta? Hapo palikuwa na bawaba za kilango, na kilango kilikuwa cha mwenye benchi. Kuna fremu ndogo ya kuchomekea kadi? Hapo palikaa jina. Kisha inameni chini ya madirisha: mara nyingi jina la aliyetoa fedha limeandikwa kwenye kipande cha chini kabisa cha kioo, na lugha iliyotumika itawaambia wahamiaji gani walijenga. Baadaye, kwa adabu, muulizeni katibu wa parokia kama leja ya malipo ya mabenchi ipo. Ikiwepo, mmepata dhahabu. Msiishike kwa mikono yenye mafuta ya mwilini, na msiipige picha kwa mwanga mkali.

Kabla hatujatoka Tremé, kuna mambo mawili. Mwaka uleule wa 1842 wanawake wawili wenye damu ya Kiafrika, Henriette Delille na Juliette Gaudin, walianzisha shirika la Masista wa Familia Takatifu, la kufundisha na kuhudumia watu weusi, watumwa kwa walio huru. Delille alitangazwa Mwenyeheshima, hatua mojawapo ya kuelekea kutangazwa mtakatifu, mwaka 2010, na barabara ya ubavuni mwa kanisa ina jina lake. Jambo la pili liko nje, kando ya ukuta: Kaburi la Mtumwa Asiyejulikana, lililobarikiwa tarehe 30 Oktoba 2004. Ni msalaba mkubwa wa minyororo minene kama ya meli, umeinama kama unaotaka kuanguka. Mikononi mwake zimening'inia pingu, na chini yake imepandwa misalaba midogo. Chuma kimeshika kutu, na kutu hiyo msiifute. Msiketi juu yake kupiga picha. Nasema hivyo kwa sababu watu hufanya.

Swali la pili. Nani alizuia lisifungwe? Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye uzito, na ndipo wageni wengi hawaulizi kabisa.

Kimbunga Katrina kiliipiga New Orleans tarehe 29 Agosti 2005. Mapema mwaka uliofuata jimbo kuu likatangaza kwamba parokia ya Mtakatifu Augustino itafungwa, waamini waende parokia jirani. Hoja zilikuwa zile tunazozijua: walioandikishwa ni wachache, fedha hazitoshi, gharama baada ya kimbunga ni kubwa. Padre Jerome LeDoux, aliyekuwa paroko tangu 1990, akaondolewa Machi 2006. Waamini na vijana waliokuwa wamekuja kusaidia baada ya kimbunga wakajifungia ndani ya nyumba ya mapadre. Wakakaa humo karibu wiki tatu. Tarehe 8 Aprili mapatano yakafikiwa: parokia irudishiwe uhai kwa miezi 18, kwa masharti. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi, na Misa ikasomwa.

Je, ni kujifungia kulikookoa kanisa? Wengi watasema ndiyo. Mimi nasema kuliwapa muda tu. Yale masharti ndiyo yaliyokuwa mtihani: idadi ya waamini ipande, hesabu zikae sawa, huduma za parokia zionekane. Masharti hayatimizwi kwa kufunga mlango. Hutimizwa kwa kugonga milango ya watu.

Mnataka ushahidi kwamba kujifungia peke yake hakutoshi? Twende Scituate, Massachusetts, kwenye Kanisa la Mtakatifu Fransiska Saveri Cabrini. Waamini waliingia Oktoba 2004 jimbo kuu la Boston lilipolifunga, wakawa wanapokezana zamu usiku na mchana. Mwezi mmoja? Mwaka mmoja? Zaidi ya miaka 11! Walitoka Mei 2016, na kanisa halikurudi. Rufaa za Roma zilishindwa, mahakama za kiserikali zikaamua jengo ni mali ya jimbo kuu, na Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri. Imani yao haikuwa ndogo kuliko ya watu wa New Orleans. Tusiwacheke.

Sasa sikieni kisa cha tatu. Mjini Cleveland, Ohio, waamini wenye asili ya Poland walifungiwa Kanisa la Mtakatifu Kasimiri Novemba 2009. Uzio ukazungushwa. Walifanya nini? Kila Jumapili walisimama nje ya uzio, kwenye njia ya waenda kwa miguu, theluji ikianguka au jua likiwaka, wakasali na kuimba kwa Kipolandi. Padre hayupo, Misa hakuna, sala tu. Lakini huku wanasali, makaratasi ya rufaa yalikuwa Roma. Machi 2012 idara ya Vatikano inayoshughulikia wakleri ikabatilisha amri za kufunga parokia 13 za jimbo hilo kwa sababu utaratibu haukufuatwa. Julai 2012 milango ikafunguliwa.

Wenye kalamu, andikeni, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa.

Askofu akitoa amri ya maandishi ya kufunga parokia au kanisa, saa inaanza kuhesabu siku mnapojulishwa rasmi. Mna siku 10 za kumwandikia askofu huyohuyo kumwomba aifute au aibadilishe. Hii ni kanuni ya 1734 ya Sheria za Kanisa, na hairukwi: ukienda Roma bila kupita kwa askofu, barua yako itarudi. Askofu ana siku 30 za kujibu. Akijibu hapana, au siku hizo zikipita kimya, mna siku 15 za kukata rufaa Roma, kanuni ya 1737. Mkishindwa hapo, imebaki Mahakama Kuu ya Kitume ya Vatikano, na huko mna siku 60. Siku 10, siku 15. Zimekwisha kabla watu hawajamaliza kulaumiana kwenye kikao cha kwanza!

Kosa la kwanza la kawaida ni hilo la siku. La pili ni orodha ya sahihi. Watu hukusanya sahihi 2,000, wanazipeleka kwa askofu kwa maandamano, wanadhani wamekata rufaa. Hawajakata. Kundi lisilotambuliwa kisheria na Kanisa halina nafasi ya kushitaki. Mwamini mmoja mmoja ndiye mwenye haki hiyo, kwa jina lake na sahihi yake, akieleza amri imemwumiza vipi. Watu watano walioandika vizuri wana nguvu kuliko karatasi yenye majina 2,000.

Na la tatu ni kuchanganya vitu viwili. Kuvunja parokia ni jambo moja, kanuni ya 515. Kulitoa jengo lisiwe tena mahali pa ibada ni jambo jingine kabisa, kanuni ya 1222. Kwa la pili askofu anatakiwa awe na sababu nzito, aisikilize halmashauri ya mapadre, apate ridhaa ya wenye haki halali juu ya jengo, na ahakikishe roho za watu hazidhuriki. Mwongozo uliotolewa na Vatikano mwaka 2013 unasema kila kanisa litazamwe peke yake. Upungufu wa mapadre au mpango wa jimbo wa kupunguza makanisa si sababu nzito kwa wenyewe. Ndiyo maana imewahi kutokea Roma ikakubali parokia ziunganishwe, lakini ikakataa jengo lifungwe. Waamini wanaopigania jina la parokia tu huenda wakapoteza jengo ambalo wangeweza kubaki nalo.

Sasa, mgeni ataonaje mambo haya? Aulize. Muulize mzee anayegawa vitabu vya nyimbo mlangoni: "Karatasi za kesi mnazo?" Utaona uso wake unavyobadilika. Mara nyingi kuna boksi sakristiani, na ndani yake, pamoja na amri ya askofu, kuna bahasha iliyokuja nayo. Kwa nini watunze bahasha? Muhuri wa posta. Muhuri ndio unaothibitisha barua ilifika lini, na kila kitu kilitegemea siku 10.

Kuna njia nyingine ya kuokolewa, ya fedha na tarehe. Chicago kuna Kanisa la Familia Takatifu la Wajesuiti, parokia iliyoanzishwa mwaka 1857 na Padre Arnold Damen, kanisa likawekwa wakfu 1860. Moto mkubwa wa Chicago wa Oktoba 1871 ulianza si mbali nalo, kwenye banda la ng'ombe la familia iliyokuwa ikisali humohumo. Padre Damen alikuwa Brooklyn, New York, akihubiri. Inasimuliwa kwamba aliposikia habari aliomba usiku kucha, akaweka nadhiri: kanisa likinusurika, taa saba zitawaka mbele ya Bikira Maria daima. Upepo ukageuka, kanisa likabaki. Taa saba zinawaka mpaka leo, sasa kwa umeme.

Hadithi nzuri, sivyo? Na kila mwongoza watalii huishia hapo. Lakini moto haukuwa hatari kubwa kuliko zote zilizolikabili. Hatari kubwa zaidi ilikuja zaidi ya miaka 100 baadaye, na ilikuwa lipu. Katika miaka ya 1980 lipu ilianza kuanguka ndani, kanisa likafungwa kwa usalama wa watu. Wajesuiti wakasema: dola milioni moja ipatikane ifikapo tarehe 31 Desemba 1990, la sivyo litabomolewa. Waamini, waliowahi kusoma shule za parokia, na watu wasiomjua hata Padre Damen ni nani wakachanga, watu wa dini nyingine wakiwemo. Tarehe ikafika, fedha zikawa zimetimia. Kumbuka tu kwamba milioni ile ilizuia ubomoaji, haikumaliza ukarabati. Ukarabati uliendelea miaka mingi baadaye. Ukienda, zitazame taa saba, kisha inua macho utazame lipu.

Mkiwa Chicago, kwa Mtakatifu Stanislaus Kostka, hamna haja hata ya kuingia ndani ili kuona ushindi wa waamini. Panda gari tu. Barabara kuu ya Kennedy ilipangwa ipite palipo kanisa, Wapolandi wakapinga, na barabara ikapinda. Kona yenyewe iko pale, magari yanapita karibu kabisa na ukuta.

Sasa swali la tatu. Nani anapanda juu ya paa?

Maana kanisa huokolewa mara moja kwa kelele, kisha linapaswa kuokolewa kila mwaka kimyakimya. Na adui ni mmoja. Maji. Si wezi, si uzee, si shetani. Maji!

Maji huingia kutoka juu. Sehemu mbaya kuliko zote ni pale paa linapokutana na mnara, na lile bonde kati ya mapaa mawili. Bati la maungio likichomoka hata upana wa kidole, mvua inaingia ndani ya ukuta badala ya kushuka nje. Mifereji nayo ikijaa majani na kinyesi cha njiwa, maji hufurika kuelekea ukutani. Mifereji isafishwe walau mara mbili kwa mwaka. Kazi ya asubuhi moja, ngazi na ndoo. Na ikiachwa? Mafundi hukadiria ukuta uliolowa hukauka kwa mwendo wa sentimita mbili na nusu kwa mwezi, tena hewa ikiwa nzuri. Ukuta wa sentimita 60 ni miaka miwili. Ndoo moja ya majani, miaka miwili ya kusubiri.

Kwa hiyo ukiingia, tazama dari pembezoni. Doa la kahawia lenye mviringo juu ya mviringo ni paa lililovuja mara nyingi, kila mvua ikaacha ukingo wake. Doa jeusi, lenye kung'aa, ni la juzi. Doa la zamani lililopakwa rangi na halijarudi, hapo mpongeze fundi. Kisha tazama chini ya kuta. Unga mweupe kama chumvi, usiovuka kimo cha kiuno, ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Toka nje upande huohuo. Mara nyingi utakuta mtu mwenye nia njema alimwaga zege mpaka ukutani ili pawe pasafi, na unyevu uliokuwa ukipumulia ardhini ukakosa njia, ukapanda ukuta.

Nia njema imeharibu makanisa mengi kuliko ubaya, nawaambieni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweli kabisa. Lakini hawakutuambia tuzibe kwa nini! Tofali la kale ni laini, na lilijengwa kwa chokaa, ambayo nayo ni laini na inapumua. Ukiziba maungio kwa saruji, saruji ni ngumu kuliko tofali na haipitishi unyevu. Maji yaliyokuwa yakitokea kwenye maungio sasa yanatokea kwenye tofali, chumvi inaganda ndani yake, na uso wa tofali unabanduka kama maganda. Baada ya miaka utaona kitu cha ajabu: maungio ya saruji yamesimama mbele, matofali yamerudi nyuma. Ukiona hivyo, umesoma kosa la kamati fulani.

Dawa yake ni chokaa, sehemu moja kwa sehemu tatu za mchanga. Mchanga mkali uliooshwa, usiwe wa baharini, maana una chumvi. Maungio yachimbwe kwa patasi na nyundo, si kwa grainda, kwa kuwa grainda hukata ncha za matofali. Kina kiwe angalau mara mbili ya upana wa ungio. Tofali lilowanishwe kabla, kazi isifanywe kwenye jua kali, kisha pafunikwe kwa magunia yenye maji siku kadhaa, kwa sababu chokaa hukomaa polepole, na ikikauka haraka itakuwa unga. Fundi asiyejua haya atakwambia chokaa haishiki. Haishiki kwake.

Na ile lipu ya dari? Kwenye makanisa mengi ya karne ya 19 dari ni vipande vyembamba vya mbao vilivyopigiliwa kwa kuachana kidogo, lipu ikasukumwa kutoka chini hadi ikapenya kwenye mianya na kujikunja kwa juu kama ndoano. Ndoano hizo ndizo zinazoibeba. Paa likivuja, mbao zinavimba na kusinyaa, ndoano zinakatika moja baada ya nyingine, na kwa chini huoni kitu. Fundi hugonga taratibu kwa mpini wa mbao: palipo pazima hulia kama kitu kigumu, palipoachia hulia kama kitu kitupu. Msigonge nyinyi! Ila mkiona eneo la mabenchi limezungushiwa utepe, msiuvuke kwa ajili ya picha.

Vioo vya rangi, sasa nawaruhusu. Lakini simama ubavuni, tazama kwa mshazari. Kioo kimetuna kama tumbo? Risasi, ile metali laini inayoshika vipande, imechoka, na hiyo ni kawaida baada ya miaka 100 hivi. Kisha nenda nje uone kama wamefunika kwa plastiki ngumu ya kulinda. Ina matundu ya hewa juu na chini? Kama haina, joto na mvuke vinanaswa katikati, na kinga inakuwa ugonjwa. Ukutani nako tafuta nyufa zenye kipande kidogo cha kioo kilichogandishwa kukatiza ufa, na tarehe imeandikwa kwa penseli. Kioo kizima, ukuta umetulia. Kioo kimevunjika, ukuta unatembea. Hapo ndipo utajua jumuiya ina mtu anayejali, hata kama hujamwona.

Adabu nitazipitia haraka, mmelelewa vizuri. Tazameni ratiba ya Misa kabla ya kuondoka nyumbani. Usizunguke wakati wa Misa. Taa nyekundu ikiwaka karibu na tabernakulo, piga goti, hata kama umekuja kama mtalii. Flashi zimeni. Penye foleni ya kitubio, kaeni mbali. Na kama mnaweza, nendeni Jumapili mkasali, kisha mzunguke baada ya Misa. Siku ya kazi mtaona jengo. Jumapili mtawaona walioliokoa, nao ndio wenye funguo za mnara na za sakristia.

Mwisho ni sadaka, maana najua mtauliza. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu itumike kwa kusudi hilo tu. Kikapu cha kawaida hakina kusudi maalumu. Fedha zake huenda kwenye umeme, mishahara, na sehemu hupelekwa jimboni. Si vibaya. Lakini kama unataka fedha yako iende kwenye mifereji, tumia bahasha, na juu yake andika kwa herufi kubwa: KWA AJILI YA PAA. Weka tarehe na sahihi. Uliza pia kama kuna mfuko wa ukarabati wenye akaunti na kamati yake, na kama hesabu zake hubandikwa ubaoni. Ukikuta zimebandikwa, ongeza kidogo.

Nimemaliza. Nimeona mikono imeinuliwa tangu nilipotaja grainda, kwa hiyo tuanze na mafundi.